Pua ya Tumu

Galu, 4 Machi 1956

Kwa Dama,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima. Hali ya huko siijui, ndiyo maana naandika. Jirani yangu Mwanatumu amepita Msambweni akamwona mwanangu. Anasema Tumu ananuka, pua inamtoka usaha, na katika chuo cha Kurani wenziwe wanamhama jamvini. Alipotoka kwangu kwenda kukaa kwa baba yake alikuwa mzima. Miezi miwili tu katika nyumba yako! Umempa nini? Usinijibu kwa maneno matamu.

Mimi mamake,
Esha

Msambweni, 9 Machi 1956

Dada Esha,

Shikamoo. Natumai mu wazima wote. Barua imenifika na imeniuma. Ni kweli, pua inanuka, lakini ni tundu la kushoto peke yake. Namwosha kwa maji ya chumvi kila asubuhi. Wallahi sijampa kitu. Mama mkwe alileta mganga akamfukiza, nilikataa, sikusikizwa. Kesho nampeleka hospitali. Ukinishuku, njoo ushuhudie.

Mdogo wako,
Dama

Galu, 12 Machi 1956

Dama,

Salamu. Wajua vyema mumeo Kibwana aliponiacha aliapa nisikanyage kwake. Unaniita ili uone nikifukuzwa? Hiyo dawa ya hospitali, nani atamtia, wewe? Mtoto akipatwa na jambo, nitakudai mbele ya Mungu.

Mama Tumu

Msambweni, 18 Machi 1956

Dada Esha,

Shikamoo. Tumu hajambo, alhamdulillahi. Daktari alituambia, "Mtoto akinuka pua upande mmoja, kwanza natafuta kitu ndani." Alivaa kioo kwenye paji la uso, mimi nikampakata Tumu nimemviringisha shuka. Akaingiza kijichuma chenye ncha iliyopinda, akavuta polepole. Ikatoka kunde, imefura na kuoza. Damu kidogo, basi. Harufu imeanza kukatika.

Daktari alimwuliza nani aliyemtia. Tumu akasema, "Mimi mwenyewe. Nilitaka niugue, nirudishwe kwa mama." Kibwana sijamwambia. Nimekuambia wewe.

Mdogo wako,
Dama

Galu, 21 Machi 1956

Dama,

Mwanangu ana miaka saba. Hila hiyo ni ya mtu mzima. Nani kamfundisha kusema hivyo? Au wataka nimchukue mtoto, ubaki na mumeo kwa raha zako? Mlete kwangu nimwulize mwenyewe, nawe usiwepo.

Esha

Galu, 2 Aprili 1956

Mpendwa Dama,

Waalaykum salaam, maana ulinisalimu mlangoni sikukuitikia. Ulikuja na mtoto kwenye jua kali, ukamkabidhi, ukarudi bila hata maji ya kunywa. Niliona yote.

Nilimwuliza Tumu tukiwa wawili tu. "Dama alikupiga?" "Hapana." "Alikwambia useme uongo?" "Hapana, mama. Kunde nilitia mimi. Iliingia, ikakataa kutoka, nikaogopa kusema." Nikamchungulia puani kwa taa. Mlikuwa safi. Nikamnusa kama nilivyomnusa alipozaliwa.

Nilidhani yamekwisha. Jana nilipomwosha uso alinisukuma mkono: "Si hivyo. Dama hupasha maji kwanza." Akalia, akitaka uje. Nilikasirika, nikatoka uani, nikakaa peke yangu mpaka hasira zikapoa.

Kibwana namwandikia leo kwamba Tumu abaki kwangu mpaka Idi. Ya kunde sitamwambia. Wewe njoo kabla ya mfungo, umwone. Siwezi kukuandikia kwamba moyo wangu umetulia juu yako, haujatulia. Lakini safari hii utaingia ndani, ukae, unywe chai.

Dada yako,
Esha