Nyumba ya Kogo Imevunjwa

Kericho Mjini,
9 Agosti, 1996.

Mama yangu mpendwa,

Chamgei mising. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri na mguu umepunguza kukusumbua. Nilisikia mvua ya mawe ilipita Kiptere ikachana majani chai yote. Pole sana, mama. Na ndugu yangu Kipkemoi, bado anasema ataoa mwaka ujao? Mwambie huo mwaka ujao umechoka kumngoja. Sisi huku ni wazima, watoto wana kikohozi tu cha baridi. Lakini kusema kweli, uzima ndio huo tu tulio nao.

Mama, nyumba ya bibi kizee wetu, Kogo Tabutany, imevunjwa. Ile ya mabati unayoijua, karibu na soko, yenye sakafu ya mbao uliyokataa kukanyaga ukisema utatumbukia. Jumatatu walianza na paa, na leo ni shimo la msingi tu. Itajengwa ghorofa, chini maduka, juu ofisi za kukodisha. Watu wanapita wakisifu kwamba Kericho inakua. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara nikaona mwanamume nisiyemjua akibeba mlango wa chumba nilimomzaa mwanangu Kipchoge, nikalia kama mtoto.

Sikatai, nyumba ilikuwa mbovu. Mvua ikinyesha tulikuwa tunahamisha vitanda. Isaiah, mtoto wa shemeji yake Kogo, alipoleta habari ya ghorofa, Kogo alifurahi kutushinda sote. Isaiah alimwahidi vyumba viwili huko nyuma, na duka moja liandikwe jina la Kipchoge wangu, kwa sababu ndiye mwana wa nyumba ile. Unajua vile watu walimsema Kogo miaka yote, eti asiye na mwana aeleke jiwe. Ndiyo sababu alinioa. Alileta ng'ombe kwako kama mwanamume yeyote, kwa desturi yetu, ili nimzalie watoto nyumba yake isizimike. Wanangu wanaitwa kwa jina la marehemu mumewe, mzee ambaye hata mimi sikumwona.

Sasa, mama, Kogo aliokoka mwaka jana. Anapenda kanisa, wacha tu! Jumapili anaamka kabla ya jogoo. Lakini alikuwa ananyimwa meza ya Bwana, kwa maana wazee wa kanisa walisema mwanamke hawezi kuwa na mke. Isaiah alijua uchungu huo. Alipoitisha kikao cha kutaja warithi, alimwalika mzee wa kanisa, akamketisha karibu na Kogo, halafu akamuuliza Kogo mbele ya wote mimi ni nani wake. Kogo aliangalia sakafu. Akasema mimi ni msichana wa kazi.

Haki ya Mungu, nilidhani sikusikia vizuri. Chepkirui wangu mdogo alikuwa amelala mapajani mwake! Isaiah akasema basi, msichana wa kazi na watoto wake hawana sehemu katika ploti hii. Nikaenda kuosha vikombe. Jerusa, fundi wa nguo aliyepanga chumba cha mbele, aliniuliza baadaye mdomo wangu nilikuwa nimeuacha wapi. Ndiye anayetuhifadhi sasa, na yeye mwenyewe amehamia chumba kimoja na mumewe na watoto wao. Kogo alichukuliwa akapelekwa Kedowa kwa Isaiah. Meza ya Bwana anashiriki. Nasikia chakula cha nyumbani hagusi, na kila siku anauliza kama watoto wamekula.

Jerusa bado ananiuliza kwa nini nilinyamaza. Sijamwambia mtu, ila nitakuambia wewe. Siku moja kabla ya kikao, Isaiah aliniambia ametoka Kiptere, kwamba ulimkaribisha chai, na alipokuuliza habari ya mahari ulisema hakuna ng'ombe aliyewahi kutoka kwa Kogo, na mimi nimeandikwa kazi mjini. Sikushangaa sana. Najua ndivyo umewaambia akina mama wa kanisa lako miaka hii yote. Kama ningefungua mdomo, ningewaumbua wazazi wangu wawili siku moja, aliyenioa na aliyenizaa. Lakini nimekukasirikia, mama, sitakuficha. Kogo alisema akiwa anaangalia sakafu. Wewe ulisema ukimmiminia mtu chai.

Chifu atasikiza maneno haya mwisho wa mwezi. Safari hii sitaosha vikombe, nitasema. Sikuombi mahali pa kulala, wala sitakuja Kiptere kuwa mzigo. Naomba uje tu useme mbele ya watu kwamba ng'ombe walifika, na kwamba yule unayemkama kila asubuhi ni uzao wao. Usipokuja, duka litaenda, na hilo naweza kulizoea. Lakini siku Kipchoge atakaponiuliza yeye ni wa nyumba gani, nitamjibu nini?

Watoto wanakusalimu sana. Nisalimie Kipkemoi na majirani wote. Wasalimie pia wale akina mama wa kanisa, na usiwafiche salamu zimetoka kwa nani.

Ni mimi binti yako,
Chepngeno, mke wa Tabutany.