Ndege wa Mwanvita

Mafiga, Morogoro
4 Machi 2024

Mama mpenzi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kifua chako kimetulia. Sisi hatujambo, ila Hafidhi anaota meno, usingizi nausikia kwa majirani. Nampa Leonard, yule dereva wa ndizi, barua na sabuni vipande viwili. Maneno haya siwezi kuyasema kwenye simu ya kuazima, mwenye simu akiwa amesimama pembeni.

Najua umekasirika. Nilimchukua Mwanvita bila kukuaga, nikampakia kwenye gari la Leonard juu ya ndizi za watu. Lakini mama, ungekuwa wewe ungefanyaje? Nakuja kumwona mwanangu, namkuta chini, kafunikwa kaniki nyeusi, na wewe umeziba mlango asipelekwe zahanati, eti mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa.

Daktari amempima. Si degedege wala hakuna ndege anayemjia. Ni kifafa, ugonjwa wa ubongo, na dawa yake ni kidonge kila jioni. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu.

Mwanao,
Hidaya

Matombo
21 Machi 2024

Mwanangu Hidaya, marahaba.

Mimi mzima, kifua ndiyo hichohicho. Sabuni nimepata. Mwandiko wangu ni wa ngumbaru, usiucheke.

Neno kifafa umeliandika kama mtu anaandika chumvi. Huko mjini mnalitamka tu. Huku likisikika mara moja, mtoto wa kike haposwi.

Nilikaa naye mwaka mzima, wewe ukiwa na mimba ya Hafidhi huwezi hata kuinua ndoo. Mjukuu wangu aliungua? Alivunjika? Alitumbukia mtoni? Mkague mwili mzima. Akiniambia “Bibi, ndege,” mimi najua la kufanya.

Mpe vidonge vyako, sikukatazi. Ila akikwambia ndege, msikilize.

Mama yako

Mafiga
6 Aprili 2024

Mama, shikamoo. Hujambo na mvua hizi? Sisi tunaendelea.

Vidonge vinasaidia. Alikuwa anaanguka kila wiki, sasa mwezi mzima mara moja tu. Hiyo ni sayansi, mama, si kaniki.

Lakini kuna jambo ulimpandikizia. Juzi kwenye foleni ya maji kaning'ang'ania gauni, “Mama, ndege! Mama, ndege!” Watu wote wakatazama juu, hakuna kitu. Asha, jirani yangu, akasema, “Shoga, huyu kakuletea mashetani ya milimani.” Wakacheka. Kufumba na kufumbua mtoto yuko chini, nguo zimelowa.

Nilimkalisha nikamwambia: hakuna ndege, ni uongo, ukilitaja neno hilo tena nakuchapa. Alilitaja tena. Nilimchapa kofi moja la mkono. Tangu hapo hajasema.

Na wewe nakuomba usiliandike tena neno hilo. Mimi ndiye mama yake.

Mwanao,
Hidaya

Mafiga
18 Agosti 2024

Mama yangu, shikamoo.

Miezi minne hujanijibu, na mimi sikuandika. Leonard ananiambia unaamka salama, unakwenda shamba. Alhamdulillahi.

Mwanvita ameungua. Ilikuwa asubuhi, nakaanga vitumbua vya kuuza, Hafidhi mgongoni, yeye kakaa karibu na jiko ananihesabia vilivyoiva. Akanyamaza. Nikamwona ananitazama, kafunga mdomo kwa nguvu, kama mtu anayezuia kicheko. Nikasema, “Hesabu basi.” Akaangukia jiko. Mkono wa kulia, kutoka kiwiko mpaka kifundo. Kovu halitatoka.

Daktari, mama mmoja mpole anaitwa Filomena, baada ya kufunga kidonda aliniuliza: “Kabla hajaanguka, huwa anaona au anasikia kitu?”

Mama, nilimwambia yote, mpaka kofi.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema kuna wagonjwa ambao ubongo wao huanza kuwaka upande mmoja kabla haujawaka wote. Mtoto hana jina la jambo hilo, anajitafutia picha, na Mwanvita alipata ndege. Akasema, “Mashine yangu inanionyesha mistari. Haiwezi kuniambia ni saa ngapi ataanguka. Yule ndege ndiye aliyekuwa anatwambia. Sasa umemfukuza.”

Anataka kujua: ndege anatokea upande gani, anakaa muda gani. Mwanvita hasemi. Wewe ndiye uliyemsikiliza. Nisamehe, mama, uniandikie.

Mwanao,
Hidaya

Matombo
29 Septemba 2024

Hidaya, marahaba.

Nimekawia kwa hasira. Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya godoro wiki tano. Mkono wa mtoto, Hidaya. Mkono wa kulia.

Ulinikataza kuliandika neno ndege. Sasa unataka niliandike, naandika.

Ndege wake wa buluu. Anatokea kushoto, chini, kama anatoka kwenye majani. Kabla hajafika, mtoto anasikia harufu ya karafuu hata kama hakuna karafuu. Kichwa chake kinageukia kushoto. Nilikuwa namlaza mkekani kwa ubavu, mbali na moto, ndipo namfunika.

Tasbihi huwa mkononi mwangu. Tangu aseme “ndege” mpaka aanguke ni punje kumi na tisa. Siku nyingine ishirini. Ishirini na tano haijafika hata siku moja. Nilimwambia mtu wa zahanati alipopita huku, akasema, “Bibi, hadithi hizo wasimulie watoto.” Wewe ukaja ukasema hivyohivyo. Mwambie daktari wako.

Vidonge asiache.

Mama yako

Mafiga
20 Oktoba 2024

Mama, shikamoo. Natumaini u mzima. Karafuu na ndizi zimefika.

Daktari ameandika yote kwenye faili lake, punje kumi na tisa na harufu. Aliniambia nikupe pole na asante. Amebadilisha kipimo cha dawa.

Nilimwomba msamaha Mwanvita. Nilimpakata, nikamwambia, “Ndege wako alikuwa wa kweli, mama amekosea. Ukimwona niambie.” Akanitazama, akanipapasa shavu kama vile mimi ndiye mgonjwa. “Hakuna ndege, mama. Ulisema ni uongo.” Nimemwambia mara tatu, siku tatu. Jibu ni lilelile.

Jana nakaanga, yeye nimemkalisha mlangoni, mbali na jiko. Mara akainuka mwenyewe. Akaenda kutandika ule mkeka wako tuliokuja nao, akajilaza kwa ubavu, akajifunika khanga mpaka kichwani.

Nikakimbilia pale. “Umemwona?”

“Nimechoka tu, mama. Kaanga.”

Kichwa kilikuwa kinageukia kushoto. Nilimshika mkono wenye kovu, nikaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, kama unavyovuta tasbihi.

Kumi na tisa, mama.

Mwanao,
Hidaya