Sinia la Shaba na Ruta ya Zamani

Sfax, Jumanne

Mwanangu Munir,

Mafuta ya zeituni anayokuletea Bi Selma ni ya miti yetu, usiyagawe yote. Ile ruta yako ya zamani imefufuka. Dada yako Rim ameivutia waya kutoka ile mpya ya sebuleni, akaiweka chumba cha nyuma ili mtandao ufike huko. Siku mbili haukushika. Rim akahangaika na mipangilio, mimi nikaiombea dua. Kumbe nilikuwa nimeificha nyuma ya sinia langu la harusi, wageni wasione vile vitaa.

"Mama, shaba yote hii! Mtandao utapita wapi?"

"Na wageni je?"

"Wageni gani? Si Baba amekataa kuonwa?"

Nikaliondoa sinia. Ndiyo, mwanangu, baba yako sasa yuko chumba cha nyuma. Miguu haimfikishi tena sebuleni. Nimeandika kwa sababu kwenye simu anasikia kila kitu.

Ijumaa ukipiga simu ya video utamwona kitandani. Usimuulize kitu. Hataki kuonwa na mtu, lakini tangu mtandao ushike, ananyoa ndevu kila asubuhi.

Akuombeaye kila siku,
Mama yako Zohra