Majiko Yasiyopika

Jumatatu, 3 Machi
Nyumba kumi na moja leo, kijiji kizima cha Salaita kwa miguu, jua la kupasua kichwa. Kazi ni ile ile. Naingia jikoni, nasoma kidude kilichobandikwa kwenye jiko la mradi, naandika limewaka kwa saa ngapi. Jiko likitumika, kuni zinapungua na moshi unapungua. Hewa chafu iliyookolewa, wenyewe wanaiita kaboni, inauzwa kwa makampuni ya ng'ambo, sisi tunapata tangi la maji. Ndivyo tulivyofundishwa. Mimi ndiye msimamizi wa kijiji, bado kwa majaribio. Wakaguzi wakiridhika wiki ijayo, napewa barua ya ajira. Naitaka. Sioni haya kusema.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemfuma jirani yangu, Mama Mshai. Jiko la mradi linawaka moto wa kuchoma ng'ombe, juu yake hakuna hata kikombe. Pembeni, kwenye mafiga matatu, sufuria ya pure, mahindi na maharagwe, inatokota. Mioto miwili! "Si tunakusaidia wewe," ananiambia kwa furaha, "hesabu yako isome vizuri." Kumbe nyumba nyingi ni hivyo hivyo. Wanachoma kuni mara mbili ili ionekane wanachoma nusu. Nilicheka mpaka machozi, halafu nikamtukana. Kisha nikaandika saa zake zote. Mimi si malaika.

Jumamosi, 8 Machi
Nyumbani kwangu ndiko kubaya zaidi. Mama mkwe haoni tangu mwaka juzi, lakini kwenye mafiga yake anapika bila kumwaga hata tone. Anayajua kwa mikono. Jiko la mradi hataki kulisikia. Anasema bati lile ni refu, hajui moto unaanzia wapi. Sasa ofisi ya mradi, Voi, imepiga simu: wakaguzi wataanzia nyumba ya msimamizi, na mafiga yasionekane. Mume wangu yuko kazini Mombasa, hana la kusema. Hata angekuwa nalo, nisingemsikiliza.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeyang'oa. Yalikuwa yamezama, ikabidi nitumie mtaimbo. Mama alisikia kishindo, akaja akipapasa ukuta.

"Nani amekufa?"

Kwao mafiga hung'olewa mwenye jiko akishazikwa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, haya ni maendeleo. Alichuchumaa akapapasa yale mashimo, moja, la pili, la tatu. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia atoke nifagie.

Jumanne, 11 Machi
Wakaguzi wawili, viatu safi. Walitaka picha ya mpishi mwenyewe. Si mimi. Bibi kizee na jiko lisilo na moshi, picha nzuri hiyo. Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema haoni. Nilimshika mkono nikamsimamisha mbele ya jiko linalowaka, nikamnong'oneza, "Dakika tano tu, Mama." Akanyoosha mikono kutafuta sufuria pale alipozoea kuikuta, chini. Viganja vyote viwili vikatua kwenye bati. Hakupiga kelele. Harufu ndiyo iliyotuambia. Picha ilikuwa imeshapigwa.

Ijumaa, 14 Machi
Zahanati tena, kubadilisha bandeji. Daktari akauliza ilikuwaje. Nikasema ni mafiga, moto wa wazi ni hatari kwa wazee. Akaandika hivyo. Mama alikuwa ameketi hapo hapo, mikono mapajani, akisikia kila neno. Hakunisahihisha. Nilimchukia kwa kunyamaza.

Jumatano, 19 Machi
Barua imekuja. Kijiji kimepita, tangi linaletwa. Picha ya Mama itawekwa mbele ya ripoti. Wanawake wamekuja kuimba uani kwangu, Mama Mshai akiongoza. Nimecheza nao. Nimefurahi, kweli nimefurahi, na siwezi kujivumilia.

Jumapili, 30 Machi
Mvua kidogo asubuhi. Vidole vya Mama vimepona vibaya, havikunjuki. Daktari anasema vitabaki hivyo. Mimi ndiye ninayempikia na kumlisha, ugali na mchicha leo. Anafungua mdomo, naweka tonge, anatafuna polepole. Aliposhiba akageuza uso.

"Asante, ofisa," akasema.

Miaka kumi na minne amekuwa akiniita mwanangu. Nikamfuta mdomo, nikaenda kuosha sahani.