Papa, Nimevaa Mabuti Yako

Kwako Papa, uliyelala kule kilimani Masisi,

Nina dakika chache tu, na nina habari ambayo lazima uisikie kabla ya mtu mwingine yeyote. Niko Omate, huku Walikale, nimekaa kwenye mlango wa nyumba yangu ya mbao, na miguuni nimevaa mabuti yako ya mpira. Yananipwaya. Nimeyajaza matambara. Lakini leo singekubali kuyabadilisha na viatu vya mtu yeyote.

Unakumbuka ule msimu ng'ombe walipokuwa wakikanyaga maharagwe yetu? Kilima kizima kiligombana. Wafugaji walituita wachoyo, sisi tukawaita wezi, na hata kanisani watu wakawa wanakaa mbalimbali. Wewe hukuwa chifu wala mchungaji wa kanisa, ulikuwa mkulima tu mwenye maswali kupita kiasi. Asubuhi moja ukavaa mabuti ukaanza kuwafuata ng'ombe. Siku nzima! Mama alishindwa kwenda sokoni kwa aibu. Ulirudi na matope hadi magotini, unacheka.

"Nimeona!" ulisema. "Ngombe haziko na shida na maharake yetu. Kile kilalo ya miti ilioza, njo maana zinazunguka huku."

Wafugaji na wakulima mkakata miti pamoja, mkalijenga lile daraja upya. Wiki ya pili, mtu akang'oa magogo mawili akayafanya kuni. Nililia kwa hasira. Nikakwambia watu wa kilima chetu hawafai kabisa. Ukaniangalia, macho yanang'aa kama umeletewa zawadi.

"Sasa tuko na swali mupya," ulisema. "Nani amekosa kuni, na juu ya nini?"

Nilidhani hiyo “kwa nini” yako ni ya kujifariji tu, Papa. Nisamehe.

Nilikuja huku kufanya kazi na akina mama wanaotwanga mawe na kuosha mchanga kutafuta dhahabu. Wao wako chini, kwenye kijito. Juu, wachimbaji wanaziba maji, kisha wanayafungulia yote kwa pamoja. Yanashuka bila taarifa na kuzoa marundo ya mchanga ya akina mama, jasho la siku nzima likaenda na mto. Saa ya kufungulia inaamuliwa kwenye mkutano wa wachimbaji, na mkutano ulikuwa ukifanyika kwenye mdomo wa shimo. Sasa desturi ya hapa ni kwamba mwanamke hasogei kwenye mdomo wa shimo. Wanasema dhahabu itakimbia.

Nilikuja na hotuba, karatasi nyingi kutoka Goma, na viatu safi. Nikawahubiria wanaume kwamba dhahabu haina miguu. Walinisikiliza kwa adabu, wakanishukuru, "Merci, mademoiselle," wakapanda zao juu. Miezi minane hivyo hivyo. Mwishowe nikachoka. Nikafunga begi, nikapatana na mtu wa pikipiki anisubiri barabarani. Mama ningemwambia naumwa.

Mvua ilikuwa imenyesha, njia ikawa uji mtupu. Nikatoa mabuti yako, ambayo sikuwahi kuyavaa huku kwa kuogopa kuchekwa. Chini ya soli bado kulikuwa na udongo mkavu wa kwetu. Nikakaa kitandani na begi langu. Miezi minane, Papa, na sikuwa nimemuuliza mtu hata swali moja ambalo sikujua jibu lake. Niliona haya, kweli kweli.

Nikashuka kijitoni badala ya kwenda barabarani. Pale nikamkuta Papa Amuri, mchimbaji mkongwe kuliko wote, anajiosha miguu. Sikumgusia mambo ya dhahabu kukimbia.

"Papa Amuri," nikasema, "mukutano munafanyiaka ku mudomo ya shimo juu ya nini?"

Akafikiri. "Patron wetu wa kwanza, mwenye shimo, alikuwaka na muguu mugonjwa. Hakuwezaka kushuka. Njo tukazoea kumufwata kule."

"Na yeye iko wapi sasa?"

"Eh! Alirudiaka kwabo Kisangani, zamani sana..."

Akaangalia juu kwenye shimo, akaniangalia mimi. Halafu akaanza kucheka mpaka sabuni ikamponyoka ikaenda na maji. Nami nikacheka, na mtu wa pikipiki akaondoka bila mimi.

Papa Amuri aliwapelekea wenzake swali lile, na desturi hakuna aliyeigusa. Mkutano tu ndio ulioshuka kilima hadi kijitoni! Wanaume walichuchumaa, akina mama wakakaa kwenye mawe yao, na mmoja wao, Mama Sifa, ambaye mbele ya wanaume hasemi zaidi ya kusalimu “jambo”, akainua mkono wa kwanza.

"Maji munafungulaka bila kutuambia. Juu ya nini?"

Wakatazamana. Kijana mmoja akasema polepole, "Mama, hatukujuaka kama inafika mpaka kwenu."

Hawakujua, Papa! Kule juu migomba na vichaka vinawaziba, hawaoni kitu. Nilitaka kulia na kucheza kwa wakati mmoja. Wakakubaliana kwamba filimbi ipigwe kwanza.

Sasa sikia habari yenyewe. Leo asubuhi maji yameshuka bila filimbi. Yamezoa rundo zima la Mama Sifa. Nilipomwona anapanda kwangu, kikwembe alichojifunga kimelowa, niliinuka kumpokea. Nilijua atasema basi, nimechoka, hawa watu hawafai. Nilikuwa nayajua maneno yale kwa moyo, maana yalikuwa yangu.

"Filimbi haikulia," akasema. "Nataka nijue juu ya nini. Ngoja nibadilishe kikwembe, tupande tufwate hii maji mpaka mahali ndugu zetu banaweza kutusikia."

Macho yake yalikuwa yanang'aa, Papa. Nayajua macho yale. Nilikukumbuka sana, na bado nilikuwa nacheka.

Huyo Mama Sifa anarudi. Ananiambia barua haitakimbia. Sijui tutakuta nini huko juu, na nina hamu ya kujua hata kukaa siwezi. Begi nimeshalifungua, nguo ziko ukutani. Lala salama, Papa wangu. Mabuti nitayaosha siku nyingine.

Binti yako, mfuata maji