Samaki Aliyepewa Jina Langu

Ihanja,
mwezi wa kumi

Kwako mdogo wangu Evodia,

Marahaba. Najua umeshaniamkia hata kabla ya kufungua bahasha, na kama hujaniamkia, niamkie sasa ndipo uendelee kusoma. Hujambo? Goti linasemaje? Watoto wa Ignas wameacha kukohoa? Sisi huku wazima. Alizeti tumevuna kidogo, uwele wamekula ndege, na mimi meno yamebaki ya kutafunia maneno tu. Lakini namshukuru Mungu, kilima cha kanisani bado nakipanda bila fimbo.

Barua hii nimeiandika mwenyewe kwa herufi zangu za ngumbaru, kwa hiyo usinicheke pale mstari unapopanda mlima. Ningepiga simu, lakini simu na wewe ni bure. Mara ya mwisho nilikwambia mbuzi wangu kazaa mapacha, ukauliza nani kafa, ukaanza kulia, na mwanao Ignas akafunga mizigo ya kuja msibani. Masikio yako yamekufa, Evodia, na hutaki kukubali. Macho bado unayo. Soma polepole, na usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Unalikumbuka lile birika langu la saruji la kukingia maji ya mvua, lilivyokuwa limeota utelezi wa kijani mpaka kuku wakalikataa. Mjukuu wangu Witness, huyu mke mwenzangu anayeshika simu hata akisonga ugali, akaniambia dawa iko mtandaoni. Kuna mtu yuko Dar es Salaam anauza samaki wa mapambo, na kati yao wapo wanaolamba uchafu kama ng'ombe anavyolamba chumvi. Nikamwambia mke mwenza, samaki asiyeliwa ni samaki gani, huyo si mgeni wa kulishwa tu? Akacheka, akasema bibi umepitwa na dunia. Akawaagiza, wakaja na basi, ndani ya mfuko wa nailoni uliojazwa hewa ukawa kama mpira, wamelala kama maiti. Tukawamwaga birikani, wakafufuka.

Nisiwasingizie, kazi waliifanya. Birika liling'aa mpaka nikaona nyufa nilizokuwa nimezisahau. Majirani wakaja kuangalia, na wewe unanijua, sikuwazuia. Ndipo Edward, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akasema mbona lambo la kijiji nalo limekuwa la kijani, ng'ombe wanakunywa supu ya mlenda, Bibi Yunisi atugawie samaki wake.

Hapo Witness akanisomea maneno ya yule muuzaji. Alikuwa ameandika kwamba samaki hao wako wa aina mbili, na wakiwa wachanga wanafanana. Mmoja anabaki mdogo, hana neno na mtu. Mwingine anakua akapita mkono wa mtu mzima, na huyo asimwagwe mtoni wala bwawani hata siku moja. Alama yao ni kwamba mwenye ndevu ndiye yule mdogo, ndiye mwema. Witness akataka kuwapiga picha mmoja mmoja amtumie muuzaji awatambue. Nikamwambia weka simu yako chini. Mimi ndiye niliyekuwa naitwa kwenye mashamba ya watu kupalilia mtama ungali mchanga, maana mtama na mtama mwitu vikitoka ardhini ni mapacha, na mimi nilivitenga huku naimba. Nije nishindwe na samaki? Ndevu nazijua. Kambale ana ndevu, na kambale wa Kintinku nimemla tangu sijaolewa.

Nikawatoa kwa kitunga, nikawatazama mdomoni. Kila mmoja ana ndevu zake mbili, huku moja, huku moja. Nikasema hawa ndio. Kilibaki kimoja tu, kidogo, kidhaifu, kilichojaa vijimiba puani kama masundosundo. Nikasema hiki ni kigonjwa, kibaki birikani peke yake kisije kikaambukiza wenzake. Wale wazima nikawapeleka lamboni mchana kweupe, na Edward akanisimamisha mbele ya watu nikapigiwa makofi. Nilifunga kitenge kipya siku ile.

Huu ni mwaka wa tatu, Evodia. Ningekuwa na uwezo ningeyarudisha yale makofi, kila mtu achukue lake.

Samaki wamejaa lambo. Perege hawaonekani tena, wavuvi wanatoa haya majitu yenye gamba gumu kama kigae, yenye miiba inayochana nyavu. Nilimchemsha mmoja kutwa nzima, kuni zikaisha, yeye akabaki vilevile ananitazama. Ukimtupa juani, jioni unamkuta bado anahema. Na hayo yote tungeyavumilia, ila wanachimba. Wanatoboa tuta linalozuia maji ya lambo, wanalitoboa kwa chini ya maji, mashimo kama ya panya buku, wanataga humo. Kiangazi hiki maji yaliposhuka tuliyaona, tuta zima limekuwa kama chekecheke. Upande wa mashariki limekatika kipande, likaangukia ndani na mti wake.

Halmashauri wakamleta bwana samaki, kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo yangu kamili. Akamshika mmoja, akalifungua pezi la mgongoni kama mwavuli, akanihesabisha njiti zake. Akasema yule mdogo njiti zake hazifiki kumi. Huyu zilipita kumi, na nilihesabu mwenyewe, tena nikarudia nikitumaini nimekosea. Nikamwambia kwa ukali, mbona ana ndevu? Akainama, akaniambia taratibu kwamba hizi za mdomoni ni sharubu, wanazo wote. Ndevu alizozisema muuzaji huota puani, juu, kama vijimiba. Tena huota kwa dume aliyekomaa, jike hazimjai hivyo, kwa hiyo wenye akili huhesabu njiti.

Puani, Evodia. Kile kigonjwa changu. Mfuko ule ulikuwa na mwema mmoja, na ndiye niliyemtenga kama mwenye ukoma.

Nikamwambia basi lete dawa. Akasema dawa ipo, lakini itaua kila kinachopumua humo, na maji hayatanyweka. Edward akasema tulikaushe lambo. Wafugaji wakamuuliza ng'ombe wanywe mate yake? Witness akampigia muuzaji, simu haipatikani, lakini picha za samaki wapya anaweka kila leo. Witness analia, anasema kosa ni lake. Nimemwambia anyamaze, aliyetazama mdomoni ni mimi. Tumekaa tu tunalitazama tuta, na mawingu yameanza kukusanyika.

Na unajua wamempa jina gani samaki yule? Hawakuwa na jina, wakasema samaki wa Yunisi, sasa wamefupisha. Nasikia kwa masikio yangu, mtu anasema leo yunisi wamenichania nyavu mbili. Mwingine anamtishia mwanawe akioga lamboni yunisi atamchoma. Jina nililopewa na baba yetu.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mwaka uleule, kabla sijawapeleka wengine lamboni kwetu, nilipokuja huko Mgori kwenye kipaimara cha mtoto wa Ignas, nilikuletea kidumu cha samaki, nawe ukafurahi, tukaenda wote kuwamwaga kwenye lambo lenu. Sikukwambia nilivyowachagua. Nilikaa birikani asubuhi nzima, nikasema mdogo wangu siwezi kumpa vinyonge. Nikakuchagulia wakubwa, wenye afya, wenye ndevu ndefu kuliko wote. Nilisahau ninachokijua tangu utoto, kwamba palizini anayestawi upesi ni gugu.

Kwa hiyo sikwambii uende ukahesabu njiti. Mimi nimeshakuhesabia. Bwana samaki anasema mkimvua msimrudishe majini na msimpe mtu. Hilo tu ndilo alilokuwa nalo. Langu mimi ni nyumba ya Ignas. Ameijenga chini ya tuta la lambo lenu kwa ajili ya vitunguu vyake, na watoto wanalala humo. Mwambie ahamie kwako kabla ya mvua. Najua atasema mama mkubwa amezeeka. Mwambie ndiyo, amezeeka, lakini ahame. Akikataa, lala mlangoni kwake umwaibishe. Mimi nikija atanikaribisha chai, atanisindikiza stendi, na atabaki palepale.

Wasalimie wote, na padre wenu, na yule shemeji mpenda ugoro kama bado anahema. Goti lipake mafuta ya nyonyo, usilikande kwa maji ya moto kama mtoto. Kile kidogo cha puani bado kiko birikani, kinasafisha, hakijazidi kidole.

Hapa kwetu samaki yule anaitwa Yunisi. Huko kwenu walikuona wewe ukimwaga kidumu, naogopa watamwita Evodia. Nisamehe na hilo.

Ni mimi dada yako,
Yunisi