Utupa wa Mzee Bigirimana

Mulongwe, Uvira

Kwako Yaya Sifa, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, ingawa mmoja umefungwa plasta. Ni wa kushoto, usishtuke, ndiyo maana unaona mwandiko ni uleule wangu mbaya. Mama anaamkaje siku hizi? Miguu imepungua kuvimba? Na wewe, kile kikohozi kimekuachia au bado unakificha watoto wasikisikie? Huku kwangu napumua. Cherehani yangu pale mtaa wa Songo ni nzima, na chakula nakipata. Niliona umenipigia simu tena na tena, sikushika. Nilijaribu mara moja kukusimulia kwa simu nikiwa peke yangu chumbani, kama mazoezi, na yaliyotoka kinywani yalikuwa matusi matupu. Kwa hiyo naandika. Nahodha wa boti ya Kalemie ni mteja wangu, atakufikishia.

Kwanza nikuthibitishie uliyoyasikia kwa watu wa boti. Ndiyo, nimempiga mvuvi kwa mpini wa jembe, na meno yake yametoka. Kama nisingezuiwa ningeendelea. Mama atasema hasira hasara, na mwambie nimeshajisemea mwenyewe. Sasa nisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Unajua nimekodi kipande katika bustani ya ushirika, karibu na mto Mulongwe, pale mafuriko yalipobeba nyumba na watu wakaogopa kujenga tena. Kila mpangaji ana matuta yake, lakini sheria ni moja: mbolea ya duka hapana, dawa ya duka hapana. Ukikutwa na kichupa tu, kipande unanyang'anywa. Tunaozesha maganda ya sokoni na matumbo ya samaki, tunapata mboji nyeusi inayonuka vibaya na kuzaa vizuri. Wadudu tunawafukuza kwa majivu na pilipili. Mboga zetu wanaziita za bio, na akina mama wa mjini wanakuja kununua hapohapo shambani. Mimi nilipanda lengalenga, ndio mchicha wetu, na nyanya na bilinganya. Baada ya kushinda nimeinamia nguo za watu, kuinamia kitu changu kulinipa raha ambayo sikuwa nimeipata tangu nihamie huku.

Tuta linalopakana na langu lilikuwa la Mzee Bigirimana. Alitoka Sange, huko uwandani, ambako watu wa hapa wanakuita plene, alikokuwa analima mpunga mpaka risasi zilipomfukuza. Mtu mrefu, mkimya, Mkatoliki wa kweli. Rozari yake aliitundika kwenye kijiti cha nyanya akilima, akaivaa akimaliza. Na mimea aliongea Kirundi. Na mimi aliongea Kiswahili, hasa cha kunitania.

"Feza," aliniambia siku ya kwanza, "weye unamwagia lengalenga maji sawa mutu anazima moto. Iko na kiu kidogo tu, hiyo."

Nikamjibu kwamba kila mtu na mkono wake. Akacheka, akanipa mbegu. Tangu siku hiyo nikikosa kuja, alinimwagilia yeye, kidogokidogo, kwa mkono wake.

Mbegu alizoleta kutoka kwao zilikuwa pamoja na za utupa, akazipanda kandokando ya ua. Kiwavi alipoingia kwenye mashu, kabichi zake, na majivu yakashindwa, alitwanga majani ya utupa, akaloweka, akanyunyiza. Viwavi wakaanguka. Kamati ya ushirika ikafurahi, maana ni jani, si dawa ya duka. Lakini wewe na mimi ni watoto wa ziwa, yaya, tunajua utupa ni nini. Babu aliutia kwenye vijito samaki wapate kulewa, waelee juu, waokotwe kwa mkono. Wadudu unawaua, na samaki unawaua.

Mzee naye alijua. Ila kwao uwandani, mtu akishatwanga utupa anaosha kinu na ndoo kwenye mfereji wa mpunga, na maji yale yanaishia kwenye tope la shamba lake mwenyewe, hayamdhuru mtu. Ndivyo baba yake alivyoosha, ndivyo alivyoosha yeye. Basi akaosha kwenye mfereji wetu, ambao siku zote uliishia kwenye matete. Mvua iliyokuwa imepita ilisukuma mawe, mfereji ukajipindia chini ya matete yaleyale bila mtu kuona, ukaenda kumimina katika dimbwi ambamo vijana wavuvi wa Mulongwe walikuwa wanafuga kambale.

Asubuhi kambale wote walikuwa juu, matumbo meupe.

Nilikuwa napalilia niliposikia kelele. Kwanza nilidhani ni furaha, kwa sababu wanawake walikuwa wanakimbia na mabeseni. Walikuwa wanasema samaki wamelishwa sumu, na walikuwa wanawaokota. Ninaapa, yaya, midomo ilikuwa inalaani na mikono inajaza beseni. Jioni moshi wa kukaanga ulitoka nyumba hadi nyumba, na hakuna aliyeumwa tumbo.

Kisha wakaja bustanini. Mbele alikuwa Kashindi. Huyu si mgeni kwangu: nimemshonea mama yake nguo ya Pasaka, na yeye mwenyewe aliwahi kunibebea gunia la mboji akakataa ahsante. Nakuambia hivyo usije ukadhani lilikuwa jitu. Alikuwa kijana ambaye samaki wake wamekufa. Ameshika kasia. Nyuma yake kundi zima, na wengine hata samaki hawakuwa nao.

Mzee hakukimbia. Aliinua ndoo yake mwenyewe kuwaonyesha.

"Ni minye," akasema. "Niliosha hapa. Sikujua maji imegeuka. Hii ni dawa ya mududu, bana bangu. Haiko sumu ya batu."

"Weye mutu ya ku plene ulikuya kutumaliza," Kashindi akasema. "Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu alinituma. Nitawalipa na mboga, na kazi. Nitafuga zingine pamoja na nyiye."

"Haiko sumu ya batu? Basi unywe."

Na kundi likashika neno hilo. Unywe, unywe. Husemwa wengi wape. Siku ile wengi walikuwa wanataka mtu. Wakamkalisha chini, mmoja akamshika kichwa kwa nyuma, mwingine akambana pua. Nilijitupa katikati, nikaikamata ndoo, nikanywa mimi. Sikufikiri. Nilidhani wakiona mwanamke amekunywa na bado amesimama, watatulia. Ilikuwa chungu mpaka masikio yakaziba, nikatapika hapohapo juu ya nyanya zangu. Wakaona nimetapika. Wakasema, mnaona, ni sumu.

Basi nilichofanya kumwokoa ndicho kilichowasha moto. Nimekiri kwa padri, na padri amesema si dhambi. Hiyo haijanisaidia kulala.

Wakammwagia yaliyobaki kooni. Alipokuwa anakohoa, Kashindi akampiga kasia la kwanza begani, na baada ya hapo sikuhesabu. Walimpiga wakikanyaga matuta, mashu yakipasuka chini ya miguu yao, na kila pigo lilikuwa na sauti yake: mgongoni sauti nyingine, kichwani sauti nyingine. Mwingine akatia moto kibanda cha majembe. Mzee aliita jina la Maria kwa Kirundi, mara akanyamaza. Ndipo nilipookota jembe langu. Nilimpiga Kashindi mdomoni kwa mpini, nikasikia meno yakivunjika, na nilifurahi, yaya. Nakuambia ukweli wa moyo wangu: nilifurahi, nikainua mara ya pili nikiwa nimeligeuza upande wa chuma. Mtu akanipiga kwa nyuma kwenye mkono, mfupa ukalia, jembe likaanguka. Bila yule mtu, nisiyemjua mpaka leo, ningekuwa nakuandikia kutoka gerezani.

Askari walifika kundi limeshatawanyika. Mimi na mwenzangu mmoja wa bustani tulimbeba mzee kwa turubai mpaka kituo cha afya, mimi nikishika pembe moja kwa mkono mzima. Alipumua usiku ule na mchana uliofuata. Muuguzi aliniambia wazi kwamba utupa angeutapika ukaisha, bali kichwa na mbavu vilikuwa vimeharibika.

Alipata fahamu kidogo. Akaniuliza kama samaki wote walikufa. Nikasema wote.

"Uwaambie sikujua maji imegeuka," akasema.

Nikamwambia watakwenda kuulizwa na Mungu, si kuambiwa na mimi. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikimwaga maji mengi. Jua lilipokuwa linashuka akafa.

Barabara ya Sange siku hizo haikuwa ya kupitisha maiti, tukaamua kumzika hukuhuku. Binti yake, Esperansi, alifika kwa miguu akikatiza mashambani, mwanamke mtu mzima kama mimi, amebeba mfuko mmoja. Nilimpa ujumbe wa baba yake, yeye peke yake. Akauliza alikunywa kwa kulazimishwa au kwa kukubali. Nikasema kwa kulazimishwa. Akatikisa kichwa, akaomba maji ya kuoga.

Sasa nikueleze desturi ya watu wa hapa ya kuzika, maana kwetu ni karibu sawa. Vijana wa mtaa ndio wanaochimba, na wanapokezana. Mmoja akianza kuhema, mwenzake anashuka kumpokea, na watu wanaimba ili kazi isiwe nzito. Hakuna anayeachwa kuchimba peke yake. Makaburi yako kule juu mlimani, ardhi ni mawe matupu.

Tukiwa tumesimama pale, Kashindi akaja. Hakukamatwa, askari walitaka shahidi, na mtaa mzima eti ulikuwa umelala siku ile, hakuna aliyeona. Mimi niliyeona, wakaniuliza kwanza habari za meno. Alikuja mdomo umevimba, hakumsalimu mtu, akachukua sururu akaanza. Nilihisi damu inanipanda. Alipoanza kuhema, rafiki yake akavua shati ashuke kumpokea.

"Acheni," Esperansi akasema. "Hakuna wa kumupokea."

Watu wakadhani hajui desturi. Nikamsogelea, nikamnong'oneza, "Esperansi, huyo ndiye."

"Najua, mama Feza. Alipofika bote baliangalia chini. Minye nataka achimbe mpaka mwisho."

Akachimba. Nyimbo zikakoma zenyewe. Jua lilikuwa kali, sururu ikigonga mawe cheche zinaruka. Viganja vyake vikachubuka, mpini ukawa mwekundu, akaufuta kwa shati akaendelea. Mama yake akapanda mlima akilia, akamshika Esperansi miguu, akamwomba mtoto apumzishwe. Esperansi akamwinua, akampa kiti alichokuwa amewekewa yeye mfiwa, akamwambia akae. Mama akakaa akatazama. Mimi nilisimama ukingoni nikimwangalia akizama mpaka kiuno, mpaka mabega, na kila alipoinua macho alinikuta mimi.

Alipomaliza, shimo lilikuwa refu na nguvu zimemwisha. Akajaribu kupanda, akateleza. Akajaribu tena, udongo ukammwagikia. Akabaki chini, mikono juu ya ukingo, analia bila sauti. Marafiki zake wote waliogopa kusogea. Ninajua nilichokuwa nataka, na sitakuficha: nilitaka abaki humo. Nilikuwa tayari kushika koleo kwa mkono mmoja.

Esperansi akapiga magoti, akampa mkono, akamvuta juu. Akamwagia maji viganjani, kama anavyomwagiwa kila mchimba kaburi, akampa kitambaa. Kisha akasema tumlete baba.

Nilimkasirikia Esperansi njia nzima tukishuka. Sikumwambia. Alipoondoka alinikumbatia kwa uangalifu kwa sababu ya plasta, akasema kipande cha baba yake nikilime mimi. Kamati imekubali. Ua wa utupa wameung'oa.

Nisalimie mama, umwambie mkono unaunga vizuri. Msalimie shemeji fundi wa injini, na shangazi yetu wa mikate, na katekista aliyenifundisha sala nikawa mkaidi vilevile. Watoto wako wabusu mmoja mmoja, hata yule mkorofi aliyenirithi.

Najua swali lako la mwisho: narudi lini? Sirudi sasa, yaya. Kashindi hupita kando ya bustani kila alfajiri akielekea ziwani, nami nahakikisha nimeshafika. Bado hainui uso. Siku atakapouinua nataka anikute nimesimama kwenye tuta la mzee, kwa sababu ule ujumbe wa mzee juu ya maji bado ninao, na ni wa Kashindi kuusikia. Sijui kama sauti itatoka. Jembe nitakuwa nimeliweka chini kwanza, hilo nawaahidi wewe na mama.

Mdogo wako anayekupenda,
Feza